Mkanda upi unamfaa mbwa mkubwa wa manyoya marefu?

Na Mwandishi Wetu

UKITEMBELEA mashamba ya nyanda za juu, kuanzia West Kilimanjaro na Lushoto hadi Njombe, au kwa majirani zetu Wakenya kule Limuru na Nyandarua, si ajabu kupokewa getini na mbwa mkubwa mwenye manyoya marefu, masikio yamesimama na mkia umejaa kama ufagio. Wengi wao ni German Shepherd, ambao wazee bado wanawaita Alsatian, au machotara wao. Baridi ya huko inawafaa, na kazi yao inajulikana. Ng'ombe wa maziwa, kuku, pampu ya maji na stoo ya mbolea vyote vina watu wanaovinyemelea usiku.

Mbwa wa namna hii ni mtaji. Anakula kila siku, anachanjwa, anaogeshwa dawa ya kupe. Lakini kitu kinachomuunganisha na mwenye mali, yaani mkanda wa shingoni, mara nyingi huwa ni cha kuokota tu. Utakuta kipande cha kamba ya katani, mkanda wa suruali uliokatwa, au mnyororo uliobaki baada ya kufunga geti. Siku mwenye mbwa anapoamua kumfundisha atembee kwa adabu, ndipo anapoingia dukani mjini na kukuta mikanda ya kila aina imening'inia, muuzaji akimwonyesha ule wa bei kubwa zaidi.

Kabla hujatoa pesa, kuna jambo moja la kuelewa kuhusu mbwa wako. Kwa mbwa wa manyoya mafupi, ubaya wa mkanda unaonekana kwa macho. Ngozi ikichubuka utaona, mkanda ukibana utaona. Kwa mbwa wa manyoya marefu huoni kitu. Shingoni ndiko manyoya yake yalikojaa zaidi, na chini ya yale marefu kuna mengine laini, mazito kama pamba. Mkanda unaweza kukaa humo wiki mbili ukisaga ngozi, unyevu ukijikusanya, kupe wakijificha, na mwenye mbwa akimsifia jinsi anavyopendeza. Anayegundua kwanza mara nyingi ni pua: harufu ya usaha. Inzi wakifika kabla yako, kinachofuata ni funza na gharama ya daktari wa mifugo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si mkanda upi una nguvu zaidi. Ni mkanda upi utajua unafanya nini chini ya yale manyoya.

Shingo si mpini

Kwa vipimo vinavyotumiwa na vyama vya wafugaji wa aina hii, dume huwa na kilo 30 hadi 40 na jike kilo 22 hadi 32. Mnyama wa kilo 40 akimrukia paka wa jirani huku umeshika kamba, uzito wote huo unaishia kwenye ukanda mwembamba uliozunguka koo. Ndani ya koo hilo kuna bomba la hewa, mishipa mikubwa ya damu na neva. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulipima presha ndani ya macho ya mbwa wanaovuta kamba. Kwa waliovaa mkanda wa shingoni presha ilipanda. Kwa waliovaa mkanda wa kifuani haikupanda kwa kiasi cha kutia shaka. Kwa mbwa mzee au mwenye ugonjwa wa macho, hilo si jambo dogo.

Mbwa anayevuta akakohoa hajifunzi chochote. Anachozoea ni kukohoa na kuendelea kuvuta.

Dukani utaonyeshwa nini?

Tuanze na mnyororo unaokaza, maana ndio uliosambaa zaidi. Ni mnyororo mwembamba wenye pete mbili. Unapitishwa ndani ya pete moja na kufanya kitanzi. Nia yake ni kwamba ukivuta kidogo unakaza, ukiachia unalegea mara moja, na mbwa anajifunza kutokana na kule kulegea. Kwa nadharia ni sawa. Lakini una upande wake. Kama mbwa hutembea kushoto kwako, ukimkabili uso kwa uso kabla ya kumvalisha, kitanzi kinatakiwa kifanane na herufi P. Ukikivalisha kinyume kinakaza na hakilegei. Waulize wanaoutumia; wengi hawajawahi kuambiwa.

Kwa mbwa wa manyoya marefu tatizo linazidi. Vipingili vidogo vinauma manyoya na kuyasokota, mnyororo unakwama pale pale ulipokaza, na kile kulegea kilichokuwa ndiyo somo hakipo tena. Manyoya yanakatika shingoni na kuacha mstari.

Wajerumani, ambao ndio wenye mbwa huyu (chama chao kilianzishwa mwaka 1899 na ofisa wa jeshi Max von Stephanitz), walitafuta njia ya kupunguza usumbufu huo kwa mnyororo wa vipingili virefu na vipana ambavyo haviumi manyoya. Kwenye mashindano ya mbwa wa kazi mbwa huvaa mnyororo wa aina hiyo, tena kamba ikifungwa mahali ambapo kitanzi hakiwezi kukaza kabisa. Yaani mbwa waliofuzu mafunzo magumu kuliko yoyote utakayompa wako wanaonyesha kazi yao wakiwa na mnyororo usiobana. Ukiupata mjini ukaupenda, ufunge hivyo hivyo.

Kisha kuna mkanda wa meno ya chuma yanayoelekea shingoni. Baadhi ya maduka yanauuza kama dawa ya mbwa mbishi. Ujerumani kwenyewe, tangu Januari 2022, kanuni zinakataza kuutumia katika kumfundisha mbwa. Kwa mbwa mwenye manyoya mazito meno hayo ama yanazama ndani bila kugusa kitu, na mwenye mbwa anazidi kukaza, ama yanagusa ngozi mahali ambapo hutaona kidonda. Sioni sababu ya mfugaji kuununua.

Mkanda wa umeme ndio wa bei kubwa, na ndio usiofaa zaidi kwa mbwa tunayemzungumzia. Unafanya kazi kwa vichuma viwili ambavyo lazima viguse ngozi. Manyoya yakizuia, mbwa hasikii kitu. Mwenye mbwa anaongeza nguvu ya umeme, au anakaza mkanda, au ananyoa manyoya shingoni. Watengenezaji wenyewe huuza vichuma virefu kwa ajili ya manyoya marefu, na wenyewe huonya usiachwe shingoni kwa saa nyingi mfululizo, kwa sababu vichuma vikikandamiza mahali pamoja ngozi hufa na kutoboka. Wales iliupiga marufuku mwaka 2010. Hapa kwetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na Wakenya wana Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Lakini tuache sheria kando kidogo. Mbwa wa ulinzi anayepata maumivu ya ghafla kila mgeni anapotokea anaweza kuunganisha maumivu hayo na mgeni. Unataka kumfundisha utulivu, unaishia kumfundisha kuchukia watu. Na getini kwako ndiko wanakopita wateja wa maziwa na mayai.

Mikanda ya kawaida

Baada ya hayo yote, unabaki na vitu vya kawaida kabisa, na hivyo ndivyo ninavyovipendekeza.

Wa kwanza ni mkanda wa ngozi wa mviringo, ule ulioshonwa ukawa kama kamba nene ya ngozi badala ya kuwa bapa. Kwa manyoya marefu huu hauna mpinzani. Unapita katikati ya manyoya bila kuyalaza wala kuyasaga, haujengi mafundo, na unaweza kuuzungusha kwa vidole ukasikia kama umekwama. Kasoro yake ni kwamba kwa kuwa ni mwembamba, mbwa anayevuta sana utamuumiza zaidi kuliko mkanda mpana. Ni wa mbwa aliyeanza kuelewa, au wa kukaa nao nyumbani.

Wa pili ni mkanda bapa wa ngozi au wa turubai nene ya nailoni, upana wa sentimita tatu hadi nne kwa mbwa wa ukubwa huu. Unatawanya uzito, ni rahisi kupatikana, na fundi yeyote anaweza kuurekebisha. Nailoni haiozi na inafuliwa, lakini pitisha kidole ukingoni kabla ya kununua: nailoni ya bei ya chini ina ukingo mkali kama msumeno na hukata manyoya. Ngozi ikilowa mvua ivuliwe ikauke kivulini, la sivyo inakuwa ngumu, na ile iliyopakwa rangi hovyo itampaka mbwa mweupe wekundu wa shingo.

Wa tatu wengi hawaujui. Ni mkanda wenye vitanzi viwili, kikubwa cha shingoni na kidogo cha kufungia kamba. Mbwa akivuta au akirudi nyuma, kitanzi kidogo kinakivuta kile kikubwa kikaze kidogo, kisha kinafika kikomo na kusimama. Hakiwezi kumkaba. Kwa mbwa wa manyoya marefu una faida ya pekee, kwa sababu mbwa huyu ana tabia ya kurudi nyuma na kuuchomoa mkanda kichwani: manyoya yanateleza na shingo yake si nene kama inavyoonekana. Ukiupima, vuta kamba hadi mwisho. Vile vichuma viwili vya kitanzi vikigusana, mkanda ni mpana mno. Vibaki mbalimbali kwa vidole viwili au vitatu. Chagua ulioshonwa kwa turubai tupu, usio na kipande cha mnyororo.

Kuna pia mkanda wa kifuani, wenye pete mbele ya kifua. Huu ni mzuri kwa mbwa anayevuta kama punda wa mkokoteni, kwa sababu akivuta anageuzwa upande, na koo halihusiki. Tatizo ni kwapani, ambako manyoya marefu husokotana na kuwa fundo gumu. Mvalishe wakati wa somo tu, kisha uvue.

Kupima shingo usiyoiona

Azima utepe wa fundi cherehani. Tenganisha manyoya kwa vidole na upitishe utepe karibu na ngozi, katikati ya shingo. Wanaopima juu ya manyoya ndio wanaoshangaa mkanda mpya unatoka siku ya kwanza mbwa akilowa. German Shepherd wengi waliokomaa huangukia kati ya sentimita 45 na 60, lakini pima wako. Mkanda ukishafungwa, vidole viwili vilivyolala viingie kati yake na ngozi. Ngozi, si manyoya.

Kisha fanya jaribio. Simama mbele ya mbwa, shika mkanda, uvute taratibu kuelekea masikioni. Ukipita masikio, utapita pia siku ambayo hutaki upite.

Mtoto wa mbwa ni habari nyingine. German Shepherd anaongezeka kwa kasi katika miezi yake ya kwanza, na mkanda uliomtosha mwezi uliopita leo unambana. Madaktari wa mifugo huletewa mbwa ambao mkanda umezama ndani ya nyama kwa sababu hakuna aliyeingiza kidole chini ya manyoya. Kwa mtoto nunua nailoni nyepesi ya bei ndogo, ukague kila wiki, na uhesabu kwamba utabadilisha mara mbili au tatu kabla hajakomaa.

Anayeshika kamba ni nani?

Mkanda, hata uwe mzuri namna gani, haufundishi. Kinachofundisha ni muda na kitu mbwa anachokipenda. Chukua maini yaliyochemshwa, yakate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, au tumia dagaa wakavu. Tembea naye. Kamba ikilegea, mpe. Akivuta, simama kama mti, usiseme kitu, hadi alegeze mwenyewe. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinatosha. Siku za kwanza hamtafika mbali na geti, na hakuna ubaya.

Kumfundisha kuja anapoitwa, tumia kamba ndefu ya mita tano hadi kumi, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani au wa kawaida, kamwe si kwenye mnyororo unaokaza. Kamba ya katani itakuchuna viganja. Tafuta iliyosokotwa laini.

Hapa kuna jambo ambalo wenye mashamba hulisahau. Mkanda hununuliwa na tajiri anayekuja Jumamosi, lakini anayeshika kamba siku nyingine sita ni kijana wa shamba. Kama yeye hakufundishwa, kama anatumia maneno yake na tajiri maneno yake, mbwa atakuwa na mabwana wawili na amri mbili. Kaeni chini mkubaliane: "kaa", "njoo", "acha", basi. Na kijana naye aonyeshwe jinsi ya kuingiza vidole chini ya manyoya.

Kufunga mchana

Wafugaji wengi hufunga mbwa mchana na kumwachia usiku. Ukilazimika kufanya hivyo, mkanda wa kufungia uwe bapa, mpana, wenye bizimu, na mnyororo uwe na kipingili kinachozunguka ili usijisokote. Mbwa aliyefungwa kwa mnyororo unaokaza anaweza kujinyonga kwenye kigingi chake mwenyewe. Bora zaidi ni kuvuta waya kati ya nguzo mbili, mnyororo uteleze juu yake, mbwa apate nafasi ya kutembea na kivuli. Na usiku anapoachiwa, usimwache na chochote kinachokaza, maana atapita kwenye senyenge na vichaka.

Mara moja kwa wiki vua kila kitu. Tenganisha manyoya shingo nzima, tazama wekundu, nusa, toa kupe, chana mafundo kwa chanuo la meno mapana. Usimnyoe kwa kudhani unamsaidia joto. Manyoya hayo yanamkinga na jua pia. Kama anavaa ule mkanda wa plastiki wenye dawa ya kupe, kumbuka nao lazima uguse ngozi chini ya manyoya ndipo dawa isambae, na si wa kufungia kamba.

Hakikisha pia chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa, na uandike namba yako ya simu kwenye kibati kidogo cha mkanda. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji tele kwa dakika 15, na aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Gharama za sindano hizo, na maneno ya majirani, vitakuja kwako.

Neno kwa mafundi wa ngozi

Mkanda wa mviringo ni adimu madukani, na hapo pana kazi kwa mafundi viatu. Anayeweza kushona kandambili za ngozi, kama wale wa soko la Kariokor jijini Nairobi, anaweza kuushona huu. Inatakiwa ngozi ya ng'ombe ukanda wa sentimita nne au tano, ikunjwe kuzunguka kamba ya nailoni ya unene wa milimita nane hadi kumi, ishonwe kwa uzi uliopakwa nta, mshono ukae upande wa nje usiguse shingo. Ncha mbili zibaki bapa, moja kwa bizimu na nyingine kwa matundu. Pete iwe ya chuma kilichounganishwa kwa kuchomelewa. Ile ya waya uliokunjwa tu itafunguka siku ya kwanza. Wa pwani watumie shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya bahari hula bizimu kabla ya ngozi.

Mteja naye ajaribu kabla ya kulipa. Funga mkanda, uning'inize kwenye mti, uweke mfuko wa mbolea wa kilo 50 kwenye pete, kisha uutikise. Uzi ukilia, rudisha. Ukishika, agiza miwili kwa mpigo, ili mmoja ukilowa mvua ukauke bila haraka huku mwingine uko kazini.